Mwongozo kwa Mpiga Gitaa Mwenye Mkono Mzito, Mkazi wa Kakontwe

Ndugu mwenye mkono mzito, mwongozo huu ni wako. Kakontwe nzima inakujua. Ukianza kupiga gitaa jioni, jirani anayesonga bukari anafunga dirisha hata kama joto limemzidi. Usimlaumu. Tuna machimbo ya mawe ya chokaa, na barabara kuu ya Lubumbashi kwenda Kolwezi inapita mji wetu wa Likasi na malori yake ya madini. Kelele amezipata za kutosha tangu asubuhi. Kwako wewe anataka wimbo.

Kwanza kabisa, achana na bafle. Vijana wengi wanaanzia gitaa la umeme kanisani, na kwaya isipowasikia wanakimbilia kitufe cha sauti. Kitufe hakina akili: kinapandisha besi, kinapandisha sauti nyembamba, kinapandisha na kosa lako, vyote kwa pamoja. Kidole ndicho kinachoweza kuchagua noti moja iinuke na jirani yake ilale. Kwa hiyo umeme ukikatika, kama kawaida yake, usinung'unike. Chukua gitaa kavu, keti kibarazani, shule imefunguliwa.

Mwalimu hatutamtafuta mbali. Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, aliishi katika mji huu ulipokuwa bado unaitwa Jadotville. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta hapa na kumrekodi, na wimbo wa "Masanga" ukatoka ukazunguka Afrika, kisha dunia. Mwaka 1969 Mwenda alipanda jukwaani kwenye tamasha la Newport, Marekani. Sasa sikiliza rekodi ile ya 1952. Ni gitaa moja tu, bila ngoma na bila bendi nyuma yake, na mkono wa kulia unafanya kazi kwa vidole viwili: gumba na cha shahada. Hata hivyo utadhani wapigaji ni wawili.

Siri yake inastahili jioni nzima. Gumba linakaa kwenye nyuzi nene na kutembea kama mtu anayetoka kazini bila haraka, hatua moja baada ya nyingine. Kidole cha shahada kinabeba wimbo kwenye nyuzi nyembamba. Vikipiga kwa nguvu sawa, uzi mnene utaumeza ule mwembamba na wimbo wote utazama. Basi lipunguzie gumba nguvu mpaka uone umelionea. Halafu lipunguze tena kidogo. Mkono mzito huwa unakataa agizo hili kwa sababu gumba ndilo lenye misuli na limezoea kutawala. Lishike hivyo hivyo, kidole cha shahada kipate nafasi ya kusema.

Mtafiti wa muziki David Rycroft aliuchambua upigaji wa Mwenda katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaandika nota kwa uangalifu mkubwa. Nota hizo zitakuonyesha uzi upi unaguswa na wakati gani. Uzito wa mguso utautafuta kwa sikio lako mwenyewe, na hapo ndipo raha yote ilipo.

Sogeza uso karibu na mkono wako wa kulia uone kinachotokea. Kabla uzi haujalia, kidole kinautoa mahali pake, kisha kinauachia. Ukubwa wa sauti unatokana na umbali ule mdogo ambao uzi umevutwa. Ukiuvuta kupita kiasi, unapanda kidogo juu ya noti yake mwanzoni, kisha unagonga vyuma vya shingoni na kuzomea. Hiyo ndiyo sauti inayomfungisha jirani dirisha. Pia angalia upande unaousukuma. Ukiukandamiza kidogo kuelekea kwenye ubao ndipo uuachie, sauti inatoka nene na iliyoshiba. Ukiukwaruza juujuu, inatoka nyembamba. Zote mbili ni mali yako, mradi umezichagua.

Mahali pa kupigia pana neno lake. Karibu na daraja, uzi unalia mkali na wa wazi. Ukiteremka kuelekea shingoni, unakuwa laini na mzito. Kucha inang'arisha, nyama ya kidole inatuliza. Piga noti moja, uzi uleule, ukihama polepole kutoka darajani mpaka juu ya tundu na kuendelea. Ifanye kazi hiyo mpaka watoto wa uani wachoke kukuangalia waende zao. Mkono wa kushoto hauhitaji hotuba ndefu: kandamiza nyuma tu ya chuma, kwa nguvu inayotosha uzi usizomee, basi.

Sasa chukua wimbo unaoujua vizuri na uupige wote kwa sauti ya chini kiasi kwamba mtu aliye mlangoni alazimike kunyamaza ili akusikie. Mwendo usibadilike. Mkono mzito, ukiambiwa upunguze sauti, hupunguza na mwendo pia, na wimbo unasinzia; gumba liendelee na hatua zake zilezile. Ukishaweza hivyo, tafuta mahali pamoja tu katika wimbo panapostahili kuinuliwa. Mara nyingi ni pale neno zito la ubeti linapoangukia. Panda polepole kuanzia noti chache kabla yake, kidole cha shahada kikitangulia, gumba likifuata mwishoni kabisa.

Ukifika hapo, piga kwa nguvu. Ndiyo, wewe, umeruhusiwa. Uvute uzi vizuri, karibu na daraja, kwa kucha, Kakontwe yote isikie. Kisha shuka mara moja ukarudi juu ya tundu, kwa nyama ya kidole, maana mwimbaji amevuta pumzi na ubeti wa pili unaanza.