Namna ya Kuisimamia Zahanati Bila Kuikanyaga

Mheshimiwa Diwani, hongera. Kiapo umeapa, kata ni yako, na zahanati zilizomo zinangoja usimamizi wako. Usihangaike. Mamlaka uliyopewa juu ya vituo vya afya ni makubwa, ila hakuna atakayekushika mkono uyatumie. Sogea nikunong'oneze namna ya kumaliza miaka 5 viatu vikiwa vinang'aa.

1. Makabrasha yapokee, usiyafungue. Baraza hukutana kila robo mwaka, na kabla yake kuna Kamati ya Elimu, Afya na Maji. Mkuu wa idara atasoma kwamba upatikanaji wa dawa umefikia asilimia kadhaa. Piga meza. Usiulize ni dawa zipi zilizohesabiwa, wala zilikaa kwenye rafu siku ngapi. Jibu la swali hilo limo kwenye leja ya stoo: tarehe ya kuingia, idadi iliyotoka, salio. Leja ni daftari la hatari. Diwani akiizoea, hata mhasibu hulala macho.

2. Kamati ya zahanati ijaze watu wapole. Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo nisikilize vizuri. Zamani fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilikuwa zinapitia halmashauri, na mwanakijiji hakuwa na njia ya kujua kilichomfikia. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati yenye wawakilishi wa wananchi ndiyo inayopaswa kukaa na mganga mfawidhi kupanga matumizi. Unaona balaa lake? Mkulima wa kawaida anaweza kuuliza fedha ya robo hii imenunua nini, na akawa na haki ya kujibiwa. Dawa yake ni moja: asijue. Mteue shemeji yako, mteue mzee asiyependa ugomvi, na semina ya wajumbe iahirishe mpaka bajeti ijayo. Yule mama anayekuja kliniki kila mwezi na mtoto mgongoni usimguse kabisa. Yeye anajua siku ambayo paracetamol ya maji iliisha, na anajua aliambiwa akanunue duka gani.

3. Maboksi ya Bohari ya Dawa yakifika, saini baadaye. Utaratibu unataka wajumbe washuhudie yanavyofunguliwa na kuhesabiwa. Sema wajumbe wako shambani, karatasi itawafuata jioni. Saini ya jioni haijawahi kugundua boksi lililopungua.

4. Ziara tangaza wiki moja mapema. Uwanja utafagiliwa, shuka mpya zitatandikwa, kitabu cha wageni kitakungoja na kalamu juu yake. Piga picha na kitanda cha kujifungulia. Ila usije asubuhi ya siku ya kliniki bila taarifa, ukasimama karibu na dirisha la dawa na kumuuliza anayetoka: umeandikiwa nini, umepewa nini, umelipa shilingi ngapi? Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi. Ukiuliza, utamkuta mjamzito aliyeambiwa aje na glavu, pamba na wembe wake, na picha yako haitapendeza tena.

5. Akifa mtu, mkaripie muuguzi. Mkaripie hadharani, watu watapiga makofi. Muuguzi huyo anazalisha usiku, anagawa dawa mchana, anajaza rejista jioni, na wa kumpokea hana. Usiwaambie wanaopiga makofi kwamba ikama ya zahanati hiyo ina nafasi zilizokaa wazi, na kwamba hukuwahi kuzisemea barazani hata mara moja. Nimeona wauguzi wakilia baada ya mikutano ya namna hiyo, kisha wakarudi zamu, kwa sababu kulikuwa na mama mwenye uchungu mlangoni.

6. Kwenye yatokanayo, andika "utekelezaji unaendelea." Robo ijayo, andika tena.

Ukifuata haya utafika salama, isipokuwa likitokea jambo moja. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi 3, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Siku mwanakijiji mmoja atakaposimama akataka na hesabu ya zahanati isomwe, na wa pili akasimama nyuma yake, ushauri wangu utakuwa umekwisha kazi.

Kwa hiyo nawe msomaji, ambaye si diwani: je, unamjua mwenyekiti wa kamati ya zahanati yako? Mtafute wiki hii. Muulize fedha za robo iliyopita zilifika lini na zilinunua nini, na maboksi ya mwisho yalifunguliwa mbele ya nani. Akikosa jibu, nenda kwenye mkutano mkuu ukaulize tena, na usiende peke yako.