Likae Hapo Hapo! Mambo saba ya kulizuia gari la dragi mstarini

Dereva wa dragi anayeshindana kwa breki ya mguu ana kazi ya ajabu. Mguu wa kulia uko kwenye moto, wa kushoto uko kwenye breki, na gari zima linatetemeka likitaka kuondoka. Mbele yake kuna ule mti wa taa ambao Wamarekani wameutumia tangu 1963. Gurudumu la mbele limekatiza mwali wa mwanga pale mstarini. Likiutoka mwali huo kabla ya taa ya kijani, inawaka nyekundu, na mita zote 402 zilizobaki ni za matembezi tu.

Wenye transbreki wao wamestarehe: solenoidi inashika gia ya kwanza na rivasi kwa pamoja, gia boksi inajifunga yenyewe. Daraja la breki ya mguu haliruhusu kifaa hicho. Hebu tupige hesabu ya mzigo. Injini ikitoa Nm 400 pale inapopigiwa resi, torki konveta ikazizidisha mara mbili, gia ya kwanza ya gia boksi ya Powerglide ikazidisha kwa 1.76 na difu kwa 4.11, ekseli ya nyuma inapokea karibu Nm 5,800. Na wewe umeleta kiatu kimoja cha kushoto! Basi tuanze kuhesabu kurudi nyuma.

7. Sili inayovuja
Sili ya ekseli ikichoka, oili ya difu inamwagikia breki. Kiatu cha breki kilicholowa oili hakiponi kwa petroli wala kwa dua. Kitupe, badilisha sili, osha dramu, ndipo tuzungumze habari za vifaa vya bei ghali.

6. Upepo
Hewa hubanika, mafuta ya breki hayabaniki. Toa upepo mpaka pedeli iwe ngumu. Mipira ya breki ikivimba unapokanyaga, funga ile iliyosukwa kwa nyuzi za chuma. Tumemaliza, twende.

5. Lainloki, rafiki asiyeeleweka
Wengi huifunga wakidhani itawashikia gari mstarini. Haitafanya hivyo, maana inafunga breki za mbele tu, na zile tairi nyembamba za mbele zitaburuzwa huku zimefungwa kabisa. Faida yake inakuja mapema, wakati wa kuchoma tairi. Bila lainloki, unazungusha magurudumu ya nyuma huku breki zake zinasuguana nayo. Zinapata moto, uso wa pedi unang'aa kama kioo, kisha dakika hiyo hiyo unaziomba zishike Nm 5,800. Ziache zipumzike, nazo zitakulipa.

4. Vali inayobania nyuma
Kiwanda kilitengeneza gari la kwenda sokoni. Kwa hiyo kiliweka vali ya kupunguza presha ya nyuma, ili magurudumu hayo yasijifunge ukifunga breki ghafla. Pale mstarini wewe unataka kinyume chake: nyuma ndiko nguvu ya injini inakofikia. Weka vali inayorekebishika na uifungue. Lakini nakusihi, ijaribu kwa mwendo mdogo kwanza. Gari lile lile linatakiwa kusimama mwisho wa njia, na nyuma ikijifunga kabla ya mbele kwa mwendo wa kasi, litageuka likuoneshe ulikotoka.

3. Pedi za mashujaa
Pedi za mbio za mzunguko zimetengenezwa kwa breki zilizochemka. Breki ya dragi iko baridi mstarini, na gari limesimama. Tafuta pedi inayouma ikiwa baridi, uilainishe na diski yake kwa utaratibu kabla ya siku ya mashindano. Jina zuri kwenye boksi halijawahi kushika gari.

2. Dramu, usiitupe!
Hapa nitabishana na yeyote. Watu wanang'oa dramu za nyuma kwa sababu diski zinapendeza kwenye picha. Lakini dramu nyingi za magari ya Kimarekani hujisaidia zenyewe: dramu inapotaka kuzunguka kwenda mbele, inaburuta kiatu cha kwanza, nacho kinamsukuma mwenzake abane zaidi. Injini ikisukuma, breki inajikaza. Msaada wa bure kama huo diski haina. Sharti ni moja: kiatu chenye bitana fupi kikae mbele, chenye ndefu nyuma. Wapo wanaovibadilisha kwa bahati mbaya, halafu lawama anabebeshwa injinia wa kiwanda. Na vikaze viatu visogelee dramu, usije ukamaliza nusu ya pedeli ukivifuata.

Ukiamua diski, sawa, tutabaki marafiki. Chukua yenye kipenyo kikubwa na kalipa yenye pistoni pana.

1. Masta silinda na pedeli
Huku ndiko kwenye faida kubwa kwa pesa kidogo, na ndiko watu wanakokosea kila siku. Breki zinakosa nguvu, mtu ananunua masta silinda kubwa zaidi. Jamani! Nguvu ile ile ya mguu kwenye eneo dogo ndiyo inayoleta presha kubwa. Mguu ukisukuma kilo 45 kwenye pedeli ya uwiano wa 6 kwa 1, masta silinda ya inchi 1 inatoa karibu psi 760. Weka ya inchi 7/8, mguu ule ule unatoa karibu psi 990. Hujaenda hata gym.

Busta nayo inategemea mvuto wa hewa wa injini, na kamshafti ya mbio haina mvuto wa kugawa. Ndiyo maana wengi wanaing'oa. Ila pedeli ya gari lenye busta kwa kawaida ina uwiano wa karibu 4 kwa 1. Ukiing'oa busta bila kubadilisha tundu la fimbo, umejinyang'anya theluthi nzima ya nguvu ambayo uwiano wa 6 kwa 1 ungekupa.

Gharama ya silinda ndogo ni safari ndefu ya pedeli, karibu theluthi moja zaidi. Kwa hiyo funga geji kwenye bomba la nyuma, kanyaga kwa nguvu zako zote, uangalie vitu viwili: sindano ifike karibu psi 1,000, na pedeli isiguse sakafu.