Nilipima Chumba, Sikupima Mlango

Kiinua mgongo kikiingia, kila mtu anageuka mshauri. Mdogo wangu alitaka ninunue bodaboda tatu, yeye azisimamie. Mke wangu alitaka tenki la maji la lita 5,000, na ukiwa mkazi wa Chanika, hapa Handeni, wazo hilo halihitaji wakili. Mimi nilitaka chumba.

Chumba cha kusikilizia muziki tu: kiti kimoja, spika mbili, santuri zangu za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz nilizozikusanya Tanga ujanani, na mlango unaofungika. Binti yetu wa mwisho alishaolewa, chumba chake kilikuwa wazi. Wazi maana yake magunia matatu ya mahindi, cherehani, na kuku mmoja anayeatamia.

"Mwalimu," mke wangu alisema (mimi ni Baba Watoto siku zote, Mwalimu ni siku ya hasira), "hao Atomic Jazz wakija, watakunywa nini?"

Spika nilizitaka za honi. Ugonjwa huo niliupata utotoni, siku za harusi, honi ikifungwa juu ya mwembe na bwana harusi akasikika hadi kijiji cha pili. Siri yake wala si umeme mwingi. Ndani mna kiwambo kidogo, na kazi ya honi ni kukisaidia kuishika hewa, kuanzia kooni pembamba hadi mdomoni papana. Aliyepuliza siwa kule Lamu, au pembe la mbiu ya mgambo, alitumia ujanja huohuo bila waya wala plagi. Spika ya kawaida ya nyumbani, ukiipa wati moja na kusimama mita moja mbele yake, inatoa kama desibeli 87. Klipschorn, honi ya mbao ya Mmarekani Paul Klipsch iliyoingia sokoni mwaka 1946, inatoa karibu 105. Kwa hesabu za desibeli, spika ya kawaida inataka wati 60 na ushei ili kuifikia honi ya wati moja. Nilimweleza mke wangu kwamba tutaokoa umeme wa LUKU. Akauliza honi zenyewe bei gani. Nikakumbuka nina wageni.

Klipsch alikuwa na akili nyingine. Sauti nzito inadai mdomo mkubwa mno, basi yeye akaisukumia honi yake konani, kuta mbili za nyumba zikawa mwendelezo wa mdomo. Nikaenda kukagua kona zangu. Ya kwanza ina mlango. Ya pili imeliwa na dirisha. Ya tatu ina kabati lililojengewa ukutani. Ya nne ni ya kuku, na kuku aliyelalia mayai hahamishwi. Hilo tu ndilo tulilokubaliana mimi na mke wangu mwaka ule.

Nikapanda gari hadi Korogwe, kilomita 65, kwa fundi redio mmoja pale Manundu. Msambaa. Mimi Mzigua. Kwa hiyo kabla ya biashara ilibidi tutukanane kwanza.

"Wazigua mnalia shida ya maji," alisema, "halafu mnakuja kununua makelele."

Aliniuzia honi mbili za bati la kijivu, zile za kufungwa juu ya mti au mnara. Nyumbani nikaziunga kwenye amplifaya yangu, nikaweka santuri, nikafungua sauti hadi mwisho. Zikalia kama mbu aliye ndani ya chupa. Nikapiga simu.

"Mtani, umefungua nyuma? Ondoa transfoma."

Kumbe honi hizo hutengenezwa kwa waya mrefu wa volti 100, ili sauti ifike mbali isififie njiani, na amplifaya ya sebuleni haina volti hizo. Nikairuka transfoma. Nikaona chumba ni kidogo kwa majaribio, nikaitoa honi moja barazani, nikashika maikrofoni. "Hallo, hallo. Moja, mbili. Moja, mbili."

Sikufika tatu. Akatokea bibi wa jirani na ndoo mbili. Nyuma yake watoto na madumu, kisha kijana wa mkokoteni, kisha mtaa.

"Shikamoo Mwalimu. Yanafunguliwa saa ngapi?"

"Marahaba. Yapi?"

"Maji! Si umetangaza?"

Nilieleza. Nilieleza sana. Bibi akanisikiliza mpaka mwisho, akageuza ndoo zake chini juu, akaketi juu ya moja apumzike, bila kunisemesha tena.

Isitoshe, honi zenyewe zilikuwa za kusemea. Sauti ya mtu inatoka safi, magitaa ya juu yanatoka, lakini mpiga besi wa Jamhuri Jazz alikuwa kama aliyepewa likizo bila malipo. Fundi akanipeleka kwa seremala, hukohuko Korogwe, atengeneze za plaiwudi, kubwa, zenye koo la kukunjwa ndani ya sanduku. Akataka vipimo vya chumba. Nikampa: mita 3.4 kwa 2.9. Nilipima mara mbili, kama nilivyowafundisha watoto wa watu miaka thelathini.

Zikaja kwa kirikuu. Mdomo, sentimita 90. Mlango wangu, 80. Tukailaza: 90. Tukaisimamisha kichwa chini: 90. Mtaa ukakusanyika tena, safari hii bila ndoo. Mmoja akasema tuvunje fremu. Mwingine akasema tung'oe bati tuishushe kwa juu kama jeneza. Bibi wa jirani akauliza kwa upole kama aliyeitengeneza alikuwa mwanafunzi wangu.

Tuling'oa nondo za dirisha, honi moja ikaingia. Ya pili ilibaki barazani, maana mke wangu alisimama mbele ya dirisha lililobaki.

Nikaketi kusikiliza, magoti yakiigusa honi. Besi likafika kwenye ile noti ya chini inayotetemeka mara 49 kwa sekunde, na chumba kizima kikanguruma, vikombe vikacheza jikoni. Hesabu ni rahisi na inauma: wimbi la sauti hiyo lina urefu wa karibu mita 7, urefu wa chumba changu ni karibu nusu yake, kwa hiyo linanaswa kati ya kuta mbili likirudi na kwenda. Kiti nikikisogeza katikati, noti inatoweka. Nikirudi ukutani, inaniangukia mgongoni. Fundi akashauri nijaze katani kwenye kona. Mkoa mzima huu umelima katani tangu Mjerumani Hindorf aipande mwaka 1893. Nilipata mzigo mzima kwa bei ya soda. Ngurumo ilipungua kidogo. Miwasho ilizidi. Kuku alihama kwa hiari, akaingia kwenye honi ya barazani, kooni kabisa, akaanza kutaga.

Wiki iliyofuata, saa mbili asubuhi, nilikuwa nakunywa chai niliposikia mbali: "Hallo, hallo. Wananchi, maji yatafunguliwa sasa hivi…" Gari la matangazo. La kweli. Nikachungulia dirishani. Mtaa kimya. Bibi wa jirani alikuwa anafagia uwanja wake. Akainua kichwa, akatazama kwangu, akatikisa kichwa, akaendelea kufagia.

Mtaa mzima, mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba si mimi. Tulijaza madumu kumi na mawili, mke wangu akaniita Baba Watoto mara mbili kabla ya mchana.