Deni Lenye Mvi

Juzi, baada ya swala ya alasiri, alibisha hodi mlangoni pangu, hapa Mombasa, barobaro mmoja mtanashati, mkoba kwapani, akanifahamisha kwa adabu isiyo kifani kwamba ametumwa kunidai mkopo wa benki niliouchukua zama ambazo yeye, kwa kadiri nilivyomkisia umri, alikuwa angali ananyonya. Sheria ya Ukomo, Sura ya 22, humpa mdai wa mkataba kama huo miaka 6 ya kwenda mahakamani, na ajabu ni kuwa mgeni wangu, aliyeyataja mengi hata laana ya wazee, mahakama hakuitaja abadani. Alichokitaka ni shilingi mia tu, “ya nia njema”, ama sahihi yangu kwenye karatasi. Kwani kimojawapo cha hivyo hulifufua dai, na hesabu ya miaka ikaanza upya. (Dhima yangu mbele ya Mola ni shauri jingine, wala Yeye hatumi wakala.) Nikamkirimu kahawa na kashata. Kalamu aliyoisahau ningali naiandikia, ila sahihi sitii.