Kitenzi Kisicho na Mwenyewe: Uainishaji wa Awali wa Vichwa vya Habari Mezani, Temeke na Kinondoni

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayekwenda twisheni ya Kiingereza pale Tandika hufundishwa mambo matatu kana kwamba hayajawahi kukutana: nyakati za vitenzi, tamthiliya na habari za magazeti. Muhtasari wa somo hilo uliotumika kwa miaka mingi katika sekondari zetu uliyapa kila moja mada yake na vipindi vyake. Huko nje, hatua chache kutoka darasani, yote matatu yamelala kwenye meza moja ya mbao, yamewekewa mawe yasipeperuke, na hakuna kengele ya kubadilisha kipindi.

Makala haya yanaichunguza meza hiyo. Mbinu iliyotumika ni kusoma bila kununua, ambayo ndiyo mbinu ya wengi. Mtafiti husimama nyuma kidogo ya mnunuzi wa kweli, mikono mgongoni, sura ya mtu anayesubiri gari la Kariakoo. Muuzaji akishauliza, "Nikupe lipi, mkubwa?" ukusanyaji wa data umefikia tamati.

Tuanze na sarufi, maana huko ndiko kwenye utajiri. Kichwa cha habari cha Kiswahili hakipendi -na- wala -li-. Mtu aliyekamatwa juzi usiku "anaswa". Aliyefukuzwa na mkewe wiki iliyopita "atimuliwa". Walimu huuita wakati usiodhihirika, na kweli haudhihiriki ni lini. Wanaosoma Kiingereza wasidhani huu ni ushamba wetu, kwani magazeti ya London nayo huyaandika ya jana kana kwamba yanatokea sasa hivi. Ila Mwingereza, kwa kawaida, hana budi kumtafuta mtu wa kumweka mbele ya kitenzi. Sisi "a" moja inatosha: nafsi ya tatu na wakati wamelala humo kitanda kimoja, na ukurasa bado una nafasi ya picha.

Kutokana na sifa hiyo yamezaliwa makundi kadhaa. Kubwa kuliko yote ni la Watendwa. Afumaniwa, adakwa, abambwa, aumbuliwa, apigwa chini. Kila mmoja wao ametendwa na mtu asiyetajwa, mahali pasipotajwa, na mara nyingi yeye mwenyewe hatajwi. Mwalimu wa uandishi wa habari atakuambia habari hujibu maswali: nani, nini, wapi, lini, kwa nini, vipi. Kichwa cha udaku hujibu "nini" peke yake, tena kwa herufi nyekundu, na matano yaliyobaki yanauzwa. Jamii hii ya magazeti ilishamiri miaka ya 1990, baada ya vyama vingi kurejea mwaka 1992 na magazeti ya watu binafsi kuongezeka, na ushahidi wa mezani unaonyesha kuwa ndipo kauli ya kutendwa, ambayo shuleni ilikuwa zoezi la kuchosha, ilipoanza kutafuta riziki.

Dada wa kundi hili ni Wanaodaiwa. "Adaiwa kumroga shemeji." Hapa hatujui nani kadai, na gazeti halina haraka ya kusema, ndani tutakutana na "chanzo chetu" ambacho hakikutaka jina lake lichorwe gazetini. Nchi yenye sheria ya kashfa, na tangu 2016 yenye Sheria ya Huduma za Habari, inamlazimu mhariri kuwa na wakili. "Adaiwa" ndiye wakili wa bei nafuu kuliko wote mjini. Kasoro yake ni kwamba msomaji wa Mbagala humsikia kama shahidi wa upande wa mashtaka.

Kundi la Michezo lina ngeli yake. Timu huwa ni "ya": Yanga yaua, Simba yachinja, Azam yabanwa mbavu. Wanakufa wengi kila wikiendi na Jumatano wote wanafanya mazoezi. Kwa kuwa jina la timu limetajwa, mwanasarufi hana kazi hapa, tupite.

Linalosumbua ni la Viambishi Yatima. "Kimenuka!" Kipi? "Mazito yaibuka." Mazito gani? "Yametimia." Ngeli zipo, nomino zimesafiri. Kundi hili hustawi zaidi kwenye siasa, na linaeleweka vizuri likipimwa na kinyume chake. Tarehe 15 Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembe Yanga hapo hapo Temeke, Dk. Willibrod Slaa, wakati huo mbunge wa Karatu, alisimama jukwaani akasoma orodha ya majina ya viongozi aliowatuhumu kwa ufisadi, iliyokuja kuitwa Orodha ya Aibu. Tuuache ugomvi wa nani alikuwa na haki. Watuhumiwa walikuwa na majibu yao. Kisarufi lilikuwa tukio nadra: umati mzima wa Temeke ukapewa vitenzi vikiwa na wenyewe. Vichwa vya habari havijafikia uwazi huo mpaka leo.

Sasa tamthiliya. Aristotle aliweka sharti kwamba hadithi iwe na mwanzo, kati na mwisho. Ukurasa wa mbele hutoa kati tu, tena pale penye kelele. Mwanzo uko ukurasa wa 3, ukifunguliwa kwa "DUNIA ina mambo!", na mwisho uko toleo la Ijumaa. Walimu wanaowahangaisha vijana na The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka wangeokoa muda wakiwaleta mezani. Humo binti Sidi wa kijiji cha Ilujinle anavimba kichwa kwa sababu jarida la mjini limejaa picha zake, huku mzee Baroka, mtawala wa kijiji, akiwekwa kwenye kona moja, tena kona ya kugawana na choo. Kijana wa Kinondoni haelezwi maana ya hilo. Anajua kuwa msanii mwenye picha ya nusu ukurasa yuko juu, na mwenye kipicha cha duara pale pembeni, chini ya tangazo la mganga, ameanza kushuka. Wasanii hao ndio wenye kundi la Nafsi ya Kwanza: "Siolewi ng'o!", "Sijaachika!" Hili ndilo pekee linalokubali ukanushi. Hakuna gazeti lililowahi kuuza kwa kuandika "Hafumaniwi".

Wasomaji nao wamegawanyika. Yuko Msomaji wa Shingo, ambaye hana madhara. Yuko Msomaji wa Sauti, anayewasomea waliokuja bila miwani na kuongeza alama za mshangao ambazo mhariri hakuziweka. Hatari ni Mkamilishaji. Huyu hawezi kuona kitenzi kinatembea peke yake, lazima akipatie mtenda.

Mfano wake ulionekana Mbagala Rangi Tatu, asubuhi, foleni ya magari ikiwa bado ndefu. Kichwa kilikuwa cha Watendwa halisi: afumaniwa gesti na mke wa mtu. Picha ilikuwa ya mlango. Msomaji wa Sauti akasoma. Mkamilishaji, mtu mzima mwenye mfuko wa zana za ufundi bomba, akatikisa kichwa. "Huyo namjua. Anakaa Mtoni Kijichi, ana duka la vifaa vya umeme." Bodaboda mmoja akauliza kama ni yule mwenye Noah nyeupe. Ni huyo huyo. Mama muuza vitumbua akachangia kwamba mke wake wa kwanza alishamwambia. Muda si mrefu mwanamume huyo alikuwa na duka, gari, wake wawili na deni la VICOBA, na meza haijauza hata nakala moja.

"Sasa nyie mkishajua yote," muuzaji akasema, "mimi nakula wapi?"

Kijana aliyevaa sare ya shule akaona haya, akatoa hela, akafungua ukurasa wa 3. Wote wakainama. Tukio lilikuwa la Tunduma, mhusika dereva wa malori, jina lake limehifadhiwa.

Wakamgeukia fundi bomba. Yeye akauweka mfuko wake begani, gari la Kariakoo lilikuwa limefika.

"Huyo ni wa Tunduma," akasema. "Wetu bado hajaandikwa."