Taulo Uje Nalo Mwenyewe

Shangazi,

Najua Mama ameshakupa habari kwamba nimeumia mgongo. Si ajali. Mimi niliyepandisha magunia ya viazi kutoka bondeni hadi gulioni Soni, nimeangushwa na katoni ya vikombe ghalani huku Bielefeld. Tafadhali hili libaki hapo nyumbani.

Daktari hakunipa kidonge. Aliandika karatasi: achuliwe mara 6. Usicheke! Huku kuchua watu kunasomewa miaka, kuna mtihani wa serikali, na cheti kinaning'inia ukutani. Bima inalipa sehemu kubwa. Mimi natoa yuro 10 za karatasi na asilimia 10 ya gharama. Nikapiga simu, nikapangiwa baada ya wiki 3, na dada wa mapokezi akanionya mambo mawili: usipofika bila kuarifu saa 24 kabla, unalipa, na taulo uje nalo mwenyewe.

Taulo langu lilikuwa bichi. Nikabeba ile doti ya khanga uliyonitilia kwenye begi siku ya safari.

Kwanza fomu. Una presha? Umewahi kupasuliwa? Damu imewahi kuganda? Ngozi yako inakataa mafuta gani? Wewe swali lako huwa moja tu, "wapi?", na kabla sijajibu kidole kimeshapafika.

Kisha mchuaji akaniambia nivue, nibaki na chupi, nilale kifudifudi. Halafu akatoka nje, Shangazi, kana kwamba akirudi hatanikuta vilevile. Kitanda kina tundu la kupitishia uso, kwa hiyo kwa dakika 20 Ujerumani yote kwangu ilikuwa sakafu na viatu viwili vyeupe. Akagonga, akaingia, akanifunika kipande cha pili cha khanga, akafunua mgongo peke yake. Akauliza yale maandishi yanasemaje. Nikamtafsiria: "Nilijua mtasema." Akanyamaza kidogo, kisha akapaka mafuta. Hayanuki chochote.

Kila namna ya mkono ina jina la Kifaransa. Kupapasa ni effleurage, kukanda kama unga wa chapati ni pétrissage, kupigapiga ni tapotement. Wenyewe wanaita uchuaji wa Kiswidi, na anayetajwa kuyatoa majina hayo ni Mholanzi, Johan Georg Mezger. Wewe unaita "tulia".

Akauliza: kutoka 1 hadi 10, maumivu ni ngapi? Nikasema 2. Chozi likapita tunduni, likatua mbele ya kiatu cha kushoto. Mkono ukapunguza nguvu wenyewe.

Ufundi sina la kuusema. Tatizo ni kimya. Wewe ukinikanda na maji yako ya moto, hadi ufike kiunoni nimeshajua nani kauza shamba kule Magamba, basi gani limekwama kwenye kona za kutoka Mombo, na mahari ya nani inadaiwa. Huyu alinichua mara 3, sijui hata kama ana mume. Nilikuwa narudi nyumbani mgongo laini, masikio makavu.

Mara ya nne, jana, akashika shingo, akasimama. "Hapa ulibeba nini utotoni?" Nikamweleza viazi. Nikamweleza Lushoto, ambapo wazee wa Kijerumani walipaita Wilhelmstal, na kwamba wamisionari wa Bethel, Bethel hii ya hapahapa Bielefeld, walikuwa Mlalo tangu 1891. Viatu vyeupe vikasogea karibu. Hakuwa anajua, na treni yake ya mjini inapita Bethel kila siku!

Akavuta pumzi. Akaangalia mlango, niliona kisigino kikigeuka. Akasema kwa sauti ya chini: "Unajua, jirani yangu amehamisha uzio. Usiku. Na mama mkwe wangu ndiye aliyemshikia taa."

Saa ikalia. Dakika 20 zimekwisha, mgonjwa mwingine yuko mlangoni.

Mara ya tano ni Alhamisi, Shangazi. Nitakuandikia.

Mwanao,
Bielefeld