Pangoni Bila Panga

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alinikalisha mezani kwa sababu mwenzao mmoja aliugua malaria. "Anko, wewe ziba pengo tu," akaniambia, akinisogezea karatasi, penseli na dadu yenye nyuso 20. Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974. Mnakaa saa sita nzima mkijifanya mashujaa, mmoja wenu akiwa msimulizi na hakimu, na chai inatoka kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni mimi.

Nikachagua kuwa mtawa. Si uchamungu, niliambiwa mtawa havai deraya, kwa hiyo hesabu zake ni chache. Nikaandika vitu vyangu: kanzu moja, ndara, panga.

"Panga haliwezekani, Anko."

Kwa nini? Wabenedikto wa Peramiho ni watawa na wanalima, na sijasikia mtu akifyeka pori kwa sala. Mpwa akafungua kitabu cha kanuni, toleo la tatu alilolipata mtumba. Panga lako tunalihesabu upanga, akasema, na mtawa akishika upanga anapunguziwa alama 4 kila anaporusha dadu ya kupiga.

"Sasa mtawa anashika nini?"

"Kama."

"Kama nini?"

"Kama, Anko."

"Ndiyo, kama nini? Kama rungu? Kama mkuki?"

Tulikwenda hivyo mpaka chai ikapoa, ndipo akanionyesha picha. Kama ni mundu wa Kijapani. Mundu! Marehemu bibi alikuwa nao, akivunia mpunga, na hakuna aliyemwita shujaa. Kumbe chombo cha shamba kikitajwa kwa Kijapani kinamfaa mcha Mungu, kikitajwa kwa Kiswahili kinamharibia.

Jirani yangu mezani alikuwa kasisi, ameshika rungu. Nikaambiwa kwamba katika kanuni za zamani kasisi alikatazwa silaha yenye makali, ati asimwage damu. Aliyepanga hivyo nadhani hajawahi kuona mtu aliyepigwa rungu la kichwa. Ushahidi wao ni Askofu Odo wa Bayeux: kwenye kile kitambaa kilichotariziwa vita vya Hastings vya mwaka 1066, yumo juu ya farasi, rungu mkononi. Askofu yuko katikati ya vita, na sisi tunamsifu kwa kukosa makali.

Haya, nikalipa sarafu 2 za dhahabu, nikapata kama yangu, nikatulia. Kilichoniponza ni kutaka kuwa mwema zaidi. Kuna kitabu cha nyongeza cha mwaka 2003 chenye nadhiri ya ufukara: unaacha mali zako, fungu lako la hazina linakwenda kwa maskini, na wewe unaongezewa nguvu. Hizo nguvu nilizitamani. Nikaapa.

Mpwa akanyoosha mkono. "Lete kama."

Fukara anaruhusiwa silaha za kawaida tu, na kama imeandikwa kwenye silaha ngeni. Nikavaa miwani, nikaipekua orodha ya silaha za kawaida mwenyewe, maana watoto wa siku hizi wana haraka. Humo nimekuta upinde mzito wa kufyatua. Bei yake sarafu 50. Huo fukara anaruhusiwa. Mundu wa sarafu 2 unavunja nadhiri, lakini mtambo wa sarafu 50 mgongoni mwa ombaomba hauna neno. Nikauliza nitaupata wapi, nikajibiwa kwamba sina tena hela ya kuununua, nimeshaapa.

Basi nikaingia pangoni na fimbo, ambayo kitabuni haina hata bei. Dadu ikaniangukia 1. Nikarusha tena, 3. Zimwi halikuniuliza kuhusu nadhiri.

Jumamosi ijayo nacheza mwizi. Mwizi anaruhusiwa upanga, nimeshaangalia.